Albamu huru za hevi metali zinazochanganya mitindo: zipi zimeungana kweli, na zipi zimebandikwa tu?

Sikio la Pwani (mwenye swali)

Habari za jioni, wadau. Nimesikiliza hevi metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, tangu nikiwa sekondari, na siku hizi nafuatilia zaidi albamu ambazo wanamuziki wamezitoa wenyewe au kupitia lebo ndogo, na ambazo ndani yake metali imechanganywa na muziki mwingine: ngoma za asili, nyimbo za kiroho, muziki wa kielektroniki na kadhalika. Katika kusikiliza huko kuna jambo linanikera. Nyingi zimejengwa kwa namna moja. Wimbo unaanza kwa filimbi au zumari kwa nusu dakika, kisha filimbi inanyamaza, magitaa yanaingia, na kuanzia hapo tunasikia metali ambayo ingeweza kurekodiwa na bendi yoyote ya Sweden au ya Florida. Filimbi hurudi katikati kidogo kutupumzisha masikio, halafu basi.

Lakini zipo chache ambazo hata nikizirudia sana siwezi kuonesha mahali mtindo mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, kwa masikio yenu ni zipi hizo, na ni nini hasa kinachofanyika ndani yake ambacho nyingine hazikufanya? Pili, kule kutokuwa chini ya kampuni kubwa kuna mchango wowote katika hilo? Nauliza kwa dhati, kwa sababu nimelelewa katika nyumba iliyopigwa taarab asubuhi na jioni, na bado sijasikia mtu akiiunganisha na metali kwa namna inayoniridhisha.

Mkaa Nairobi

Karibu sana, ndugu. Kwangu jibu linaanza na Duma, albamu iliyobeba jina la kundi lenyewe, iliyotolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kundi lilikuwa la watu wawili tu, Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo, wote wakiwa wametokea katika bendi za metali za hapa Nairobi. Walivuka mpaka wakaenda kurekodi Kampala, na walichorudi nacho hakikufanana na kitu chochote tulichokuwa tumezoea kukisikia katika kumbi zetu.

Angalia walichokiacha nje. Hakuna mpiga dramu. Mapigo yote yametengenezwa kwa mashine, na mara nyingi yanakwenda kwa kasi ambayo mikono ya binadamu isingeihimili kwa dakika tatu mfululizo. Gitaa limesagwa na kupitishwa katika mitambo mpaka mara nyingine huwezi kuapa kwamba unachosikia ni nyuzi. Juu ya hayo sauti ya Khanja inapanda kutoka mngurumo wa kifuani hadi ukelele mwembamba, na katika nyimbo kama "Angels and Abysses" na "Omni" sauti hiyo ndiyo inayobeba kazi ambayo katika metali ya kawaida ingebebwa na gitaa. Kwa hiyo huwezi kusema hapa ni metali na pale ni muziki wa mashine. Ukiondoa mashine, hakuna wimbo unaobaki. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kwa albamu yoyote ya aina hii: ondoa kile kinachoitwa kiungo cha ziada, usikilize kama wimbo bado umesimama. Ukisimama bila taabu, basi kiungo kilikuwa pambo.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wa Dar es Salaam watalielewa haraka kuliko wa Ulaya. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ambao ulipeleka singeli ya Mburahati kwa wasikilizaji wa mbali. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila kusita. Sisemi kwamba Duma waliiga singeli, ila nasema albamu yao ilizaliwa katika nyumba ambayo kasi ya namna hiyo haikuhitaji kutetewa na mtu. Prodyuza aliyezoea metali pekee angewaambia wapunguze mwendo na watafute mpiga dramu.

Baadaye Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alianzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, na mwaka 2024 akaitoa The Adept. Humo amewaalika watayarishaji na waimbaji wengi, na kwa sababu hiyo albamu hiyo ina sura nyingi zaidi na haijashikana kama ile ya kwanza. Hata hivyo ina uzito wa aina yake. Yeye ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal na kufariki mwaka 2023, na albamu ameifanya kwa kumuenzi. Hasira iliyomo imetoka nyumbani kwake.

Fundi Miksi

Ndugu Sikio la Pwani, mimi kazi yangu ni kurekodi na kumiksi, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu. Ubandikaji unaoulalamikia, kwa maoni yangu, huanza katika utaratibu wa kazi. Bendi inaandika wimbo mzima kwa magitaa mawili, besi na dramu, inaurekodi mpaka mwisho, ndipo mpiga filimbi anaitwa na kuambiwa atafute pa kuingia. Pa kuingia hapapo. Gitaa lililopasuliwa sauti, yaani lililokwaruzwa kwa mitambo kama metali inavyotaka, halibaki katika noti yake. Kule kupasuliwa kunazalisha sauti nyingine nyingi juu ya ile ya mwanzo, kiasi kwamba uzi mnene unaotetema mara 82 kwa sekunde unajaza nafasi mpaka kwenye maelfu, kulekule ambako filimbi na sauti ya mwimbaji zinaishi. Fundi anabaki na njia mbili: kuipandisha filimbi mpaka itoboe masikio, au kuiweka pale magitaa yanaponyamaza. Wengi huchagua ya pili, na ndiyo ile nusu dakika ya mwanzo uliyoitaja.

Sasa sikiliza Rakshak ya Bloodywood wa New Delhi, waliyoitoa wenyewe Februari 2022, bila lebo yoyote, na ikafika hadi katika chati za Billboard. Karan Katiyar anaandika muziki, anapiga gitaa, anapiga filimbi, na ndiye prodyuza. Mtu mmoja akishika kazi hizo zote, gitaa huandikwa na mtu anayejua filimbi itahitaji wapi nafasi. Muhimu zaidi ni dhol, ile ngoma ya Punjab yenye nyuso mbili, upande mmoja wa sauti nzito unaopigwa kwa fimbo iliyopinda, na upande wa pili wa sauti kali unaopigwa kwa fimbo nyembamba. Upande mzito unagombana moja kwa moja na dramu ya mguuni, kwa sababu zote mbili zinataka eneo lilelile la chini. Katika wimbo kama "Machi Bhasad" ugomvi huo umetatuliwa katika utunzi kabla ya kufika mezani kwa fundi: magitaa yanakatwa vipande vifupi vinavyofuata mkong'oto wa dhol, kwa hiyo inayoongoza mwendo ni ngoma, na gitaa linakuwa kama ngoma ya tatu. Kuna na ule mvuto mdogo wa mdundo wa bhangra, muziki wa ngoma wa Punjab, ambao hauendi wima kama saa. Mpiga gitaa wa metali aliyezoea kupiga wima akiingia juu yake bila kujifunza kuvuta, utasikia mara moja kwamba kuna vitu viwili vinatembea sambamba bila kukutana.

Mfano wa pili ni Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, hasa albamu yao ya Zã Keli ya mwaka 2019. Wao wanaimba kwa Kiewe pamoja na lugha nyingine, na wanaleta kengele na ngoma za kwao katikati ya magitaa mazito. Muziki wa Waewe, mfano agbadza, husimama juu ya kengele ya chuma inayogawa mzunguko katika mapigo madogo 12, na kengele yenyewe inalia mara 7 tu ndani ya hayo 12. Mwenye sikio la metali anaweza kuyahesabu mapigo hayo 12 kama makundi manne ya matatumatatu, na mwenzake akayahesabu kama makundi sita ya mawilimawili, na wote wawili wakawa sahihi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye utajiri. Dramu za miguu miwili za metali zinaweza kushika hesabu moja, gitaa likashika ya pili, na kengele ikaendelea kuwaunganisha. Anayelazimisha ngoma hizo ziingie katika nne kwa nne za roki anakuwa ameshalitupa lile alilokwenda kulitafuta.

Binti Roki

Nakubaliana na Fundi kuhusu utaratibu wa kazi, lakini naona tusiifanye kanuni kwamba ni lazima muziki uwe wa asili na wa kurithi ndipo uungane. Albamu ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu ilianza kwa kuulizana tu mtandaoni. Manuel Gagneux, Mswisi ambaye mama yake ni Mmarekani mweusi, alikuwa na mazoea ya kuwaomba watu asiowajua wamtajie mitindo miwili, naye akaiunganisha. Mmoja alitaja black metali, lile tawi la metali la ukelele na magitaa ya kasi, mwingine akataja muziki wa watu weusi kwa maneno ya dharau. Akachukua zote mbili, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Zeal & Ardor na albamu ya Devil Is Fine, ambayo aliitoa mwenyewe mtandaoni mwaka 2016, akiwa ameimba, amepiga na amerekodi karibu kila kitu peke yake.

Wimbo wa kwanza unafungua kwa sauti ya mwanamume anayeimba kama watumwa walivyoimba shambani, kwa wito na kiitikio, na chini yake kuna mlio wa minyororo unaoshika mwendo. Mtu anaweza kudhani ni rekodi ya kale iliyonakiliwa. Siyo. Gagneux aliitunga na kuiimba yeye. Swali analoliuliza katika albamu nzima ni zito: vipi kama watumwa, badala ya kuupokea Ukristo wa mabwana zao, wangemgeukia Shetani, kama vijana wa black metali ya Norway walivyofanya kwa kuukataa Ukristo uliofika kwao? Jibu lake liko ndani ya sauti zenyewe, kwa sababu wito na kiitikio vya shambani na ukelele wa black metali vyote ni sauti za mtu anayepigana na nguvu iliyo juu yake, na ndiyo maana vinapogongana sisikii ufa. Kampuni kubwa isingemruhusu mtu asiyejulikana aanze na wazo hilo. Albamu haifiki hata nusu saa, na katikati ameweka vipande vya kielektroniki ambavyo mimi naviona ni dhaifu kuliko vingine, lakini sehemu zake bora hazijapata mfano.

Mzee wa Rekodi

Binti yangu, umesema vema, ila kuna kitu nataka kukiongeza, na si kwa kumpinga Gagneux, kijana huyo wa Basel, Uswisi. Kutunga sauti inayofanana na ya mateso ya watu waliopita ni jambo moja, na kuyachukua maneno yao wenyewe na kuyabeba kwa heshima ni jingine. Kwa hilo la pili tafuteni Kentucky ya Panopticon, ya mwaka 2012. Panopticon ni mtu mmoja, Mmarekani aitwaye Austin Lunn, na albamu hiyo inahusu jimbo la Kentucky, milima yake iliyokatwa vichwa kwa ajili ya makaa ya mawe, na wachimbaji waliopigania haki zao humo.

Anachanganya black metali na muziki wa milimani wa banjo na fidla. Mkisoma maelezo haya tu mtadhani ni utani, kwa sababu banjo na black metali vimekaa mbali sana. Ila katikati ya albamu ameweka nyimbo za mgomo za wachimbaji, ukiwamo "Which Side Are You On?" uliotungwa na Florence Reece mwaka 1931 katika wilaya ya Harlan, wakati mume wake akisakwa kwa sababu ya kuongoza wachimbaji. Lunn hauchezei wimbo huo wala hautii magitaa makubwa. Anauimba kama unavyoimbwa kule. Kisha katika "Black Soot and Red Blood" magitaa yanaunguruma, na ndani yake mnasikia sauti za watu wenyewe wakisimulia mgomo. Kwa hiyo hapa mitindo haijayeyushwa ikawa kitu kimoja kama kwa Duma. Mingi imekaa kando kwa kando, na bado siwezi kuiita iliyobandikwa, kwa sababu kila mmoja unabeba sehemu ya habari moja: banjo inamleta mtu, na magitaa yanaleta kilichompata. Kipimo cha ndugu yetu wa Nairobi, cha kuondoa kiungo uone kama wimbo unasimama, kingeiangusha albamu hii bila haki. Ukiondoa banjo nyimbo nzito zitasimama, sawa, lakini hutajua zinamlilia nani.

Kuhusu swali la pili, la uhuru: fedha lazima zitajwe. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki iliyoanza mwaka 2008, imemwezesha mwanamuziki kuuza moja kwa moja na kukatwa asilimia 15 tu kwa muziki wa kidijitali na 10 kwa fulana, kaseti na sahani za santuri. Msanii wa namna hii hahitaji wasikilizaji laki moja. Mia chache waliotapakaa katika nchi ishirini, wanaonunua kwa hiari, wanatosha kulipia albamu inayofuata. Lebo kubwa haiwezi kuishi kwa mia chache, kwa hiyo hata ikiwa na nia njema itamsogeza msanii kuelekea kile kinachojulikana. Ila uhuru una gharama zake. Albamu nyingi huru zimemiksiwa vibaya, nyingi ni ndefu kupita kiasi kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kusema wimbo huu uache, na nyingine hazikupata mpiga ngoma wa kweli kwa sababu ya nauli tu.

Mkaa Nairobi

Mzee, shikamoo. Nakubali kipimo changu kinafaa zaidi kwa muziki uliokusudiwa kuyeyuka. Kwa albamu iliyojengwa kama masimulizi, kama hiyo ya Kentucky, nadhani la kuuliza ni kama kubadilika kwa mtindo kunakuja pale habari inapobadilika, au kunakuja tu kwa kuwa dakika mbili zimepita.

Sikio la Pwani (mwenye swali)

Mzee wa Rekodi, shikamoo, na nawashukuru wote. Fundi Miksi, umegusa ngoma na nafasi ya sauti, lakini nabaki na taarab yangu. Nikijaribu kupiga gitaa zito chini ya fidla inayopita katika maqamu za kwetu, ile mipangilio ya noti ya taarab, kitu kinakwaruza, na siyo mkwaruzo ninaoutaka. Je, tatizo ni vyombo, au mimi ndiye sijui ninachokifanya?

Fundi Miksi

Vyombo vina sehemu kubwa, ndugu. Gitaa la kawaida lina freti, vile vyuma vilivyopigiliwa shingoni, na freti hizo zinagawa sauti kwa nusu toni, nusu toni. Maqamu nyingi zina sauti zinazoangukia katikati ya nusu hizo. Katika maqamu ya Rast, mi na ti zinashuka robo toni. Katika maqamu ya Bayati, ni ile sauti ya pili. Fidla na udi hazina freti, na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ina vishikizo vidogo vya kurekebisha nyuzi, kwa hiyo vyote vitatu vinazifikia sauti hizo bila shida. Gitaa lako likipiga noti iliyo jirani tu na ile ya fidla, upasuaji wa sauti unaukuza ugomvi huo mara nyingi, na ndio mkwaruzo unaousikia. Ndiyo sababu bendi za metali zinazotaka ladha ya Mashariki hukimbilia maqamu ya Hijaz, ambayo inapigika kwenye freti bila kuhitaji robo. Imetumika mpaka imechosha.

Lakini metali yenyewe imekuachia mlango. Mpigo wake mkuu wa gitaa ni do na so bila mi, kwa sababu mi ikiingia ndani ya sauti iliyopasuliwa inachafua. Maana yake gitaa halijasema kama mi ni ya juu, ya chini au ya katikati, na mwenye kuamua ni fidla au mwimbaji. Kwa hiyo jaribu Rast kwanza: gitaa na besi zikae kwenye do na so, ziende fa na do, ziguse re ukipenda, na zisiguse kabisa mi wala ti. Zile sauti mbili waachie fidla na mwimbaji peke yao. Mdundo usiutafute mbali. Chakacha inakwenda kwa sita, na metali ina nyimbo nyingi za hesabu hiyohiyo, kwa hiyo dramu za miguu zinaweza kuingia bila kukipinda chochote. Mpigaji wa fidla mwite siku ya kwanza ya mazoezi, wakati rifu, vile vipande vya gitaa vinavyorudiwa, bado hazijaandikwa, na umwache yeye aanze.